Nani Kakwambia Kaka Yangu Ni Mchongezi?

Jiwe la kwanza alilirusha shangazi yangu.

Si jirani. Si adui. Shangazi Hassanati, dada wa baba yetu, mwanamke aliyetupokea, akatulisha, akatuvisha!

Lile jiwe lilimpata kaka yangu Fakih juu ya jicho. Damu ikachuruzika hadi kwenye kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Alikuwa ametoka msikitini, jamani. Udhu wake ulikuwa bado haujakauka.

"Mchongezi!" shangazi alipiga kelele. "Umemuuza mwanangu kwa wazungu! Nirudishie Ousseni wangu!"

Watu wakaanza kutoka kwenye vichochoro. Mnaoijua Mutsamudu mnaelewa... vichochoro vyembamba, nyumba zimebanana, mtu akipiga kelele mlango mmoja wanasikia mitaa yote. Mara umati ukajaa.

"Mchongezi!"

"Mtoeni!"

Nilimkamata Fakih mkono nikamvuta ndani. Nikapiga komeo. Mlango ukaanza kupigwa ngumi...

"Ijumaa ijayo!" sauti ya kiume ikasema nje. "Kama Ousseni hajarudi Ijumaa ijayo, mlango huu tunauchoma na aliyemo!"

Wasomaji wangu, mimi naitwa Djaouharia. Leo ni bibi mwenye mvi, naishi Zanzibar nilikoolewa, na mjukuu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Ninayowaandikia yalinikuta kwetu Komoro mwaka themanini na tano. Tulikuwa tunasema kwa lugha yetu, nami nawaandikia Kiswahili ili mnielewe. Kaeni vizuri. Hiki kisa si cha kuchekesha.

Enzi zile nchi ilikuwa na rais, lakini wenye nguvu walikuwa wengine. Mamluki. Wazungu waliokuja na bunduki mwaka sabini na nane, wakampindua mmoja wakamweka mwingine, halafu wakabaki. Wakaunda kikosi cha walinzi chenye sare nyeusi. Wengine walisilimu, wakapewa majina yetu, wakaoa kwetu.

Ukiliona gari lao linakata kona, unanyamaza. Hata kama ulikuwa unazungumzia bei ya mchele.

Mwaka ule ulikuwa wa kamatakamata. Vijana walichukuliwa Moroni, wakachukuliwa na kwetu kisiwani Ndzuani. Ousseni, mtoto wa pekee wa shangazi, alichukuliwa akiwa anakula. Sahani ilibaki mezani. Hakuna aliyeambiwa kapelekwa wapi.

Redio ilisema nini? Redio ilipiga nyimbo za harusi!

Na hapo ndipo inapoingia elimu yangu...

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya mawasiliano, Ufaransa, mji wa Montpellier. Watu kwetu walikuwa wakiniuliza, "Mawasiliano ndiyo nini? Utakuwa unaunganisha simu posta?" Nilikuwa nacheka tu. Tulifundishwa jinsi habari inavyozaliwa, inavyotembea, inavyobadilika mdomoni mwa watu.

Mada ya utafiti wangu wa mwisho ilikuwa hii: pale redio inaponyamaza, habari hupita wapi?

Nilipanga kuifanyia kazi Moroni na Mutsamudu. Aliyenisaidia kuichagua alikuwa mchumba wangu, Zaïdou.

Ah, Zaïdou! Mtoto wa Moroni, mrefu, mpole, ana sauti... jamani ile sauti. Alinitangulia darasa moja kwenye shahada hiyohiyo. Alipomaliza akarudi nyumbani, akapata kazi ya kusoma taarifa ya habari redioni. Mahari ilikuwa imeshapelekwa. Shangazi alikuwa anamwita "mwanangu wa redio".

Kwa hiyo nimekuja nyumbani likizo, nafanya utafiti wangu, nangoja harusi. Na hapo ndipo kaka yangu alipopigwa jiwe.

Ndani ya nyumba nilimfunga Fakih kitambaa kichwani.

"Kaka, ni kweli?"

Akausukuma mkono wangu pembeni.

"Hata wewe, Djao?"

"Nisamehe."

"Mimi nafundisha watoto Kifaransa. Nikimaliza nasahihisha madaftari. Huo ndio uchongezi wangu."

"Basi nitatoka niwaambie!"

"Usinitetee. Ukinitetea watasema tumekula wote."

Alisema kweli. Na sisi tulikuwa wepesi wa kushukiwa. Tulizaliwa Mahajanga, Madagaska. Baba yetu, mtu wa Mutsamudu, alienda huko kutafuta riziki na akauawa kule, siku zile Wakomori walipochinjwa. Waliobaki tuliletwa kwa ndege za Sabena, na jina la ndege likageuka kuwa jina letu. "Wale Sabena." Hata uishi miaka mingapi, siku ya matatizo wanakumbuka hukuzaliwa hapa.

Nikakumbuka jambo alilotuambia mwalimu wetu mmoja darasani, mama wa Kifaransa aliyekuwa akivuta sigara mfululizo. Alisema uvumi haukanushwi. Ukiukanusha unaurudia. Ukitaka kuuua, tafuta ulikozaliwa.

Nikasema sawa. Hii si ya kulia. Hii ni kazi niliyosomea.

Nitakwenda nyuma, mdomo kwa mdomo, na swali moja tu. Nani kakwambia?

Nikaanza na aliyerusha jiwe.

Shangazi Hassanati alikuwa amekaa sakafuni, mtandio wake mwekundu wa shiromani umemteleza kichwani. Mbele yake ile sahani ya Ousseni. Hakuwa ameiosha tangu siku ile.

"Kwezi, shangazi," nilimwamkia kwa adabu.

Hakuitikia. Kwetu mkubwa asipoitikia kwezi yako, amekutoa kwenye ukoo.

"Shangazi, sikuja kumtetea. Nataka kujua tu. Nani kakwambia?"

Akaivuta sahani karibu na kifua.

"Kama ni kweli, mimi mwenyewe nitamfungulia mlango Ijumaa."

Hapo akainua macho. Yalikuwa mekundu kama makaa.

"Moinafouraha," akasema. "Muuza samaki wa Mirontsy. Yule hasemi uongo. Toka."

Nikatoka. Nikatembea kwa miguu hadi Mirontsy, si mbali. Njiani watu niliosoma nao walihamia upande wa pili wa barabara. Mmoja alitema mate.

Moinafouraha nilimkuta anaparua magamba. Mama mnene, mkarimu, mdomo wake unafika kila jiko kabla ya samaki wake. Aliponiona, kisu kikasimama.

"Mwanangu, mimi sikumaanisha watu warushe mawe..."

"Najua, mama. Ulimwambia nini shangazi?"

"Nilimwambia Fakih alionekana Moroni kwenye gari la walinzi. Amekaa mbele, anacheka nao. Na siku chache baadaye Ousseni akachukuliwa."

"Ndiyo hiyo tu?"

Akaangalia huku. Akaangalia kule. Akashusha sauti.

"Kuna jingine... Hilo nilimficha Hassanati. Nilishindwa kumtia msumari mwingine. Linamhusu marehemu."

"Marehemu gani?"

"Baba yako."

Nikasogea karibu.

"Baba yangu ana nini katika hili?"

"Usinitoe maneno, mwanangu. Kamuulize Maoulida, dereva wa teksi wa Ouani. Ndiye kanipa habari yote. Mdomo wangu hautalitamka."

Mwanamke asiyewahi kuficha kitu maishani mwake, hili kalificha! Niliogopa, wallahi. Niliogopa kuliko wakati ule mlango unapigwa ngumi.

Ouani ndiko ulipo uwanja wa ndege. Maoulida alikuwa anangoja abiria, ameegemea teksi yake, redio ya gari inaimba. Mtu wa makamo, mstaarabu. Abiria wote wa kutoka Moroni hupita kwenye kiti chake cha nyuma, kwa hiyo habari zote za Moroni huingia Ndzuani kupitia yeye, kama nilivyokwisha kuona kwenye utafiti wangu.

"Dada yake Fakih," akasema kabla sijafungua mdomo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Uliambiwa nini kuhusu baba yangu?"

"Dada, bora usijue."

"Niambie."

Akazima redio.

"Niliambiwa kuwa kule Mahajanga, siku ile, waliwashika baba na mwana pamoja. Wakamuuliza kijana, huyu ni baba yako? Fakih akasema simjui. Wakamwachia Fakih, wakamuua baba mbele yake." Akaangalia pembeni. "Aliyenihadithia akasema hivi: mtu aliyemkana baba yake mzazi, atashindwaje kumuuza Ousseni?"

Nilikaa chini. Palepale, kwenye vumbi la uwanja wa ndege.

Wasomaji wangu... ilikuwa kweli.

Si habari ya gari. Si habari ya Ousseni. Habari ya Mahajanga ndiyo ilikuwa kweli. Fakih alituambia mimi na mama usiku uleule, analia hadi anatapika. Alikuwa bado mvulana wa shule. Mama akatuapisha: hili lisitoke, hasa lisimfikie Hassanati, maana marehemu ni kaka yake. Mama akafa nalo.

Kwa hiyo tulibaki wawili tunaolijua. Mimi na Fakih.

Na mtu mmoja wa tatu.

Kule Montpellier, siku niliyoamua kuolewa na Zaïdou, nilimsimulia. Nilitaka ajue anaingia kwenye familia gani. Alinishika mkono akalia na mimi!

"Aliyekuhadithia alikuwa nani?" nilimuuliza Maoulida.

"Simjui jina. Abiria tu. Kijana mrefu, mtu wa Ngazidja, kisiwa cha Moroni, kwa matamshi, mpole sana. Alishuka na ndege ya asubuhi, akaniambia nimzungushe mjini, akarudi na ndege ya jioni. Hakuwa na mzigo wala shughuli." Akakunja uso. "Lakini ile sauti... nilihisi nimewahi kuisikia mahali. Inakuingia kama maji ya moto mwilini. Sijui wapi."

Mimi nilijua wapi.

Sikusema kitu. Kama ningesema, nani angeniamini? Mchumba wa redio, kipenzi cha mji, dhidi ya dada wa mchongezi?

Kesho yake nikampigia Zaïdou simu kwamba nakuja, nikapanda ndege ya Moroni.

Zaïdou alikuja kunipokea na tabasamu. Kanikumbatia kwa macho tu, maana watu walikuwepo. Akanibebea begi.

"Nimesikia yaliyompata Fakih," akasema. "Moyo umeniuma, Djao. Watu ni wabaya."

Nilimwangalia mdomo ukisema. Hata kope hazikucheza!

"Umesikia kutoka kwa nani?" nikauliza.

"Habari hufika tu." Akafungua mlango wa gari. "Umekuja wakati mzuri. Kuna mtu anataka kukutana na wewe. Kuna kazi. Kazi ya shahada yetu hasa!"

Gari halikuwa lake. Lilikuwa jeupe, safi mno, na walinzi wa kizuizi walilipigia saluti bila kulisimamisha.

Tukashika njia ya Itsandra. Bahari upande mmoja, mawe meusi ya volkano upande mwingine. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Najua mnajiuliza kwa nini sikuruka. Ningeruka niende wapi?

Nyumba ilikuwa na kibaraza na maua. Mzungu mmoja alikuwa anakunywa kahawa, amevaa kikoi na shati la mikono mifupi. Akanisalimia "salaam alaikum" kwa matamshi mazuri kabisa.

"Niite Kapteni Idrissa," akasema. "Karibu. Zaïdou anakusifu sana."

Akanimiminia kahawa mwenyewe. Mikono yake ilikuwa misafi, kucha zimekatwa. Nilitegemea zimwi... nikakuta mtu kama mwalimu mkuu.

"Utafiti wako ni wa maana," akasema. "Sisi tulidhani habari za Ndzuani hupita misikitini. Tukawa tunapoteza muda na mashehe. Wewe ukagundua hapana. Dereva wa Ouani. Muuza samaki wa Mirontsy. Ukiwapa hao wawili asubuhi, jioni mji wote umekula!"

Nikakiweka kikombe chini.

Haya nilimwandikia Zaïdou mimi mwenyewe, wiki zilizopita, kwa furaha, kama mwanafunzi anayemwandikia mwenzake. Nimegundua hiki, nimegundua kile! Njia waliyopitishia sumu ya kummaliza kaka yangu ilikuwa njia niliyoitafuta mimi kwa miguu yangu.

"Kwa nini Fakih?" nikauliza.

Kapteni akatikisa mabega.

"Anafundisha vijana kuuliza maswali. Tukimkamata anakuwa shujaa. Wakimmaliza watu wake, anakuwa takataka. Na mikono yetu ni misafi."

Aliyasema kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali.

Nikamgeukia Zaïdou. Alikuwa anaangalia bahari.

"Lakini kilichochafuliwa kinasafishika," Kapteni akaendelea. "Neno moja kwa dereva, neno moja kwa mama wa samaki, na kaka yako anakuwa malaika. Unajua wewe kuliko mimi. Tunafungua ofisi ya mawasiliano. Njoo ufanye kazi na mchumba wako. Nyumba ipo. Mshahara upo."

"Na kazi ya kwanza?"

"Kuna jina jingine tayari."

"La nani?"

"Hilo utaambiwa ukikubali."

Niliwaza mlango wetu. Niliwaza Ijumaa. Kumwokoa Fakih ilikuwa rahisi vile... nikubali tu mtu mwingine apigwe mawe badala yake. Mtu mwenye dada yake pia.

Nikatabasamu. Mungu ndiye anajua nililitoa wapi lile tabasamu.

"Nakubali," nikasema. "Ila niacheni nirudi Mutsamudu kwanza. Kazi ya kumsafisha Fakih nataka niifanye mwenyewe. Nijaribu elimu yangu."

Kapteni akacheka kwa furaha, akampiga Zaïdou bega.

"Umepata mke!"

Wakanipeleka uwanja wa ndege kwa gari lilelile jeupe. Zaïdou alinishika mkono kabla sijashuka. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Djao... fanya tu wanavyotaka. Tafadhali."

Nilitoa mkono wangu.

Nilifika Mutsamudu Alhamisi. Nilimweleza Fakih yote, sikubakiza. Nilipofika kwenye jina la Zaïdou alifumba macho. Nilipofika kwenye habari ya Mahajanga aliyafumbua.

"Kwa hiyo shangazi bado hajalisikia hilo?"

"Bado. Moinafouraha alimficha. Lakini litamfikia tu, kaka. Ndilo walilolitia makali."

Akakifungua kitambaa kichwani, akakifunga upya.

"Basi atalisikia kwangu," akasema.

"Watakuua!"

"Djao, uongo wao wote umesimama juu ya ukweli mmoja, na ukweli huo ni wangu mimi. Nikiutoa mwenyewe, watasimamia wapi?"

Hakuna profesa aliyenifundisha hilo.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nikaenda Ouani kumwona Maoulida.

"Kaka Maoulida, naomba kitu kimoja. Kesho jioni njoo bangwe na teksi yako. Redio uiache wazi, uisikilize kwa makini. Basi."

"Nisikilize nini?"

"Nikikwambia, itakuwa nimekutia maneno mdomoni. Sikiliza tu."

Ijumaa ikafika. Bangwe, ule uwanja wa mji ambapo wanaume hukaa baada ya sala, ulijaa pomoni. Wanawake wamesimama pembeni na shiromani zao. Nikaona dumu la mafuta ya taa. Mtu kalibeba waziwazi kabisa, kama anayekwenda kununua siki.

Kabla hawajaja mlangoni, Fakih akafungua mlango mwenyewe. Akatoka na kitambaa chake kichwani. Umati ukagawanyika. Nadhani hakuna aliyetegemea kwamba mwenye kuchomwa atakuja kwa miguu yake.

Akaenda moja kwa moja hadi kwa shangazi Hassanati. Akapiga magoti.

"Shangazi. Mimi sikumuuza Ousseni. Lakini kuna jambo nimelifanya, na nimekuficha miaka yote hii. Nilimkana kaka yako."

Watu waliokuwa nyuma wakasogea mbele.

"Mahajanga walitushika mimi na baba. Wakaniuliza, huyu ni baba yako? Nikasema simjui. Wakamuua mimi nikiwa naangalia."

Shangazi akaweka mkono kifuani.

"Kabla hawajatufikia," Fakih akasema, na hapa sauti yake ikakatika, "baba aliniambia... aliniambia kwa ukali, Fakih, wakikuuliza, unikane. Nikasema siwezi. Akanizaba kofi. Akasema, ukinitambua tunakufa wawili, na mama yako na Djao nani atawalea? Nikane! Ndiyo amri ya mwisho niliyopewa na baba yangu. Nikaitii."

Lile la kofi hata mimi sikulijua! Miaka yote hakulisema. Nililia kama mtoto.

Shangazi aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wake.

"Kaka yangu alisema nini tena?"

"Alisema nikifika kwako nikwambie hakulia."

Shangazi akatoa sauti... sijui ilikuwa kicheko, sijui ilikuwa kilio.

"Mwongo yule! Alikuwa analia hata akichomwa na mwiba!"

Akamkumbatia Fakih kichwa, damu kavu, kitambaa na vyote.

Lakini sauti moja ikatoka nyuma. "Na gari la walinzi je? Na Ousseni? Maneno hayo yametoka wapi?"

Minong'ono ikaanza tena. Mwenye dumu hakuwa ameliweka chini.

Wakati uleule redio ya teksi ikalia mlio wa taarifa ya habari. Ikafuata ile sauti. Laini, ya joto, inatamka jina la nchi yetu kama mtu anayebembeleza mtoto.

Maoulida aliruka kutoka kwenye teksi kana kwamba kiti kimemuunguza.

"Ndiye huyo! Wallahi ndiye huyo!"

"Nani?"

"Abiria wangu! Aliyenipa habari ya Fakih! Ni sauti hii hii!" Akaongeza redio hadi mwisho. "Nilisema nimewahi kuisikia!"

Uwanja mzima ukamsikiliza Zaïdou akisoma habari. Alikuwa anasema nchi ina utulivu.

Mngetegemea watu wapige makofi? Hapana. Kila mtu pale alikuwa anafanya hesabu kichwani. Msoma habari wa redio kaja mwenyewe hadi Ouani kupanda neno... katumwa na nani? Na kila mmoja akajiuliza, mimi nami nililibeba neno hilo nikampelekea nani?

Moinafouraha alijifunika uso kwa shiromani. Mwenye dumu akalisukuma kwa mguu chini ya benchi. Wakaondoka mmojammoja, bila kuagana, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mtaniuliza, je, tulishinda?

Kabla wiki haijaisha, sare nyeusi zilimjia Fakih. Safari hii iliwabidi watumie mikono yao wenyewe. Na wakati wanampakia garini, mji uliotaka kumchoma ulitoka wote. Wanaume walisoma dua kwa sauti. Shangazi Hassanati alilifuata lile gari kwa miguu hadi bandarini, anawaambia walinzi, "Huyu ni mwanangu! Andikeni, ni mwanangu!"

Maoulida alinificha mimi kwa jamaa zake, kisha kwa msaada wa watu ambao mpaka leo siwataji, nikafika Réunion, kisiwa cha Wafaransa, na kurudi chuoni.

Nilimaliza shahada. Kwenye utafiti wangu niliondoa kila kitu kilichoweza kumtambulisha mtu. Mwalimu wangu wa sigara alilalamika kwamba kazi yangu haionyeshi habari inapita kwa nani hasa. Nikamwambia ndiyo, haionyeshi. Alinipunguzia maksi. Nilizipokea.

Fakih alifungwa miaka, akatoka mwishoni, mamluki walipoondoka. Alitoka amekonda, ameng'oka meno ya mbele. Ousseni alikuwa gereza hilohilo! Shangazi alikuwa akisafiri kwa meli hadi Moroni na chakula cha wawili, hata pale alipokatazwa kuwaona. Alifariki akiwa na wanawe wote wawili kando ya kitanda.

Wajukuu zangu, ninyi mnaogusa kidole mara moja habari ikafika kwa watu elfu... mimi nimeona uvumi ukimtoa mtu damu. Uvumi hatari si ule wa uongo mtupu. Ni ule wenye kipande kidogo cha ukweli ndani yake, na kipande hicho ndicho kinachokufanya uumeze wote. Kabla hujausukuma mbele, rudi nyuma hatua moja uulize nani kakwambia. Na huyo naye, nani kamwambia?

Ningeishia hapa.

Lakini mwezi uliopita nimepata ujumbe humuhumu mtandaoni. Wa Zaïdou. Mzee sasa, mgonjwa, alifundisha mawasiliano nje ya nchi hadi kustaafu. Ameniandikia hivi:

"Djao, jina ambalo Kapteni hakukutajia siku ile lilikuwa lako. Lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kabla ya la Fakih. Waliniambia nimtoe mmoja katika familia yenu. Nikamtoa yeye ili ubaki wewe, na ile kazi ya ofisi nilikutafutia ili wasikurudie. Sijapata usingizi tangu siku hiyo. Nisamehe kabla sijafa."

Nimeusoma mara nyingi. Nimelia, sitawaficha.

Kisha nikautazama tena kwa jicho la kazi yangu. Ule ujumbe una kipande cha ukweli ndani. Una huruma. Umetumwa kwa mtu anayefaa, wakati unaofaa, na mtu aliyefanya kazi ya kutengeneza maneno maisha yake yote.

Nikataka kufanya kama nilivyofanya ujana wangu, nirudi nyuma, mdomo kwa mdomo. Kapteni kafa. Maoulida kafa. Ile nyumba ya Itsandra imevunjwa.

Fakih amenikataza kujibu. Shangazi angekuwepo angenikataza pia.

Mimi bado nimeishika simu mkononi.